Namna ya kuifanya tovuti ya biashara ndogo Zanzibar imshawishi mgeni

Fungua tovuti kumi za nyumba za wageni kuanzia Matemwe hadi Makunduchi uzisome moja baada ya moja. Karibu zote zitakuambia mchanga ni mweupe, maji ni ya buluu na ukarimu ni wa Kizanzibari. Yote kweli, na kwa kuwa ni kweli kwa kila nyumba, hayamsaidii mtu kuchagua. Mgeni aliyeko Milan au Warsaw, anayelinganisha nyumba tano usiku mmoja kwenye simu yake, anatafuta kitu chengine: nitalipa ngapi kwa jumla, nikishuka uwanja wa ndege usiku nitafikaje, bahari inaogeleka saa ngapi, na hawa watu wapo kweli? Anayemjibu hayo ndiye anayeandikiwa.

Kwa hiyo kazi yote hapa ni moja: kupunguza sifa na kuongeza majibu. Mifano mingi ni ya nyumba za wageni na safari za boti, lakini anayeuza sabuni ya mwani au halua ya Wete ana sehemu yake mbele.

Kabla ya yote, funguo ziwe mkononi mwako

Huwezi kurekebisha tovuti usiyoweza kuiingia. Mwombe fundi wako vitu vitatu kwa maandishi: jina na neno la siri la kuingilia kwenye tovuti yenyewe, la kampuni inayoihifadhi, na la pale jina la tovuti liliposajiliwa. Hiki cha tatu ndicho husahaulika, na ndicho kinachouma zaidi. Fundi akisajili jina kwa barua pepe yake, ankara ya kila mwaka inakwenda kwake. Akihama au mkikosana, hakuna anayelipa, muda unapita, na jina ulilolichapisha kwenye vibao na fulana linachukuliwa na mtu mwengine. Ingia mwenyewe, badilisha mmiliki na barua pepe ya mawasiliano viwe vyako. Fanya hilo leo. Mengine yanaweza kusubiri wiki ijayo.

Hatua ya 1: Yatoe maswali yaliyomo kwenye WhatsApp

Rudi nyuma kwenye WhatsApp ya biashara hadi upate mazungumzo 50 ya watu ambao hawakuwa wakikujua. Huna haja ya kuyasoma yote. Kwa kila mtu andika maswali yake matatu ya mwanzo, kwa maneno yake, kisha andika mazungumzo yaliishia wapi. Daftari la mistari linatosha.

Ukimaliza, hesabu. Kwa nyumba ya Jambiani orodha huwa hivi au karibu na hivi: nafasi ipo tarehe fulani, bei ngapi, ni kwa chumba au kwa mtu, kuna kiyoyozi, gari ya uwanja wa ndege ni kiasi gani, bahari iko karibu kiasi gani, umeme ukikatika inakuwaje, nalipaje amana. Tazama pia yale mazungumzo yaliyokufa. Mara nyingi yamekufa baada ya wewe kujibu “inategemea” au “njoo tutaelewana”. Jibu la namna hiyo sokoni Darajani linafungua mazungumzo. Kwa mtu aliye umbali wa saa kumi za ndege linayafunga.

Swali lililotokea mara kumi au zaidi lijibiwe kwenye ukurasa wa mwanzo. Lililotokea mara tatu hadi tisa lijibiwe kwenye ukurasa wa chumba au safari inayohusika. Yaliyobaki yaende kwenye ukurasa wa maswali na majibu. Hapo tayari una mpango wa tovuti, na unaweza kuifuta ile menyu iliyokuja na kiolezo (muundo wa tovuti uliotengenezwa tayari): Kuhusu Sisi, Dira, Dhamira. Pitia tena yale mazungumzo 50 uone ni nani aliyeuliza dira yako.

Hatua ya 2: Skrini ya kwanza

Wageni wengi watakufungua kwenye simu, kwa hiyo shika simu yako, fungua tovuti, usiguse kitu. Kile unachokiona bila kusogeza kidole ndicho mgeni anachokitumia kuamua abaki au arudi nyuma. Vitu vinne viwepo hapo: unauza nini, uko wapi, bei inaanzia ngapi, na kitufe kimoja.

Kichwa cha habari cha “Karibu Peponi” hakina hata kimoja. Linganisha na hiki: “Vyumba sita Jambiani, dakika mbili kwa miguu hadi ufukweni. Kuanzia shilingi 180,000 kwa chumba kwa usiku, kifungua kinywa ndani.” Hakina ushairi, lakini mtu akikisoma anajua kama anakaa au anaondoka. Kwa wageni wa nje utakiandika kwa Kiingereza. Ukubwa wa taarifa uwe ule ule.

Ondoa picha zinazojibadilisha zenyewe. Zinapendeza fundi anapokuonesha kwenye kompyuta yake, lakini mgeni hangoji picha ya tatu, kila picha inaongeza uzito, na maandishi yanayohama yanamkatiza katikati ya kusoma. Chagua picha moja. Ondoa pia dirisha linaloruka kumwomba barua pepe kabla hajajua unauza nini, na muziki wa taarabu unaoanza wenyewe, hata kama ni mzuri.

Maandishi meupe juu ya picha ya ufukwe ni kosa la kila siku hapa. Mchanga wetu ni mweupe, maandishi ni meupe, na mgeni yuko juani. Kiwango kinachokubalika cha tofauti ya rangi kati ya maandishi na kilicho nyuma yake ni 4.5 kwa 1. Kuna programu za bure mtandaoni za kukipima. Njia fupi ni kuweka maandishi chini ya picha, kwenye rangi tupu. Ukubwa wa herufi za kawaida usipungue pikseli 16. Kitufe kiwe na kimo cha pikseli 48 hivi ili kidole gumba kisikikose, na kiandike kitakachotokea: “Uliza nafasi kwa WhatsApp”. “Bofya hapa” haimwambii mtu kitu.

Hatua ya 3: Bei, nzima

Wengi huficha bei kwa kumwogopa mshindani. Mshindani wako anaijua bei yako tangu zamani; kaambiwa na dereva wa teksi. Asiyeijua ni mgeni, na akiona “wasiliana nasi kwa bei maalumu” anahisi atapimwa kwa sura yake.

Andika bei pamoja na kilichomo na kisichomo. Mfano, tarakimu ukiweka zako:

Chumba cha watu wawili, Julai hadi Septemba, shilingi 180,000 kwa usiku. Ni bei ya chumba, si ya mtu. Ndani yake: kifungua kinywa, maji ya kunywa, intaneti, chandarua. Nje yake: tozo za Serikali kwa kila mtu kwa kila usiku (andika kiasi), chakula cha jioni, gari ya uwanja wa ndege shilingi 90,000 kwa gari, hadi watu wanne. Amana asilimia 20. Ukighairi siku 14 kabla unarudishiwa yote. Chini ya hapo amana hairudi.

Sehemu ya “nje yake” ndiyo inayojenga imani. Mgeni akitajiwa tozo za Serikali mapokezini, wakati mizigo iko chini na watoto wamechoka, hatoilaumu Serikali, atakulaumu wewe.

Kwa safari za boti, “kuanzia” peke yake inapotosha, kwa sababu boti hula mafuta yale yale ikibeba wawili au wanane. Weka jedwali dogo: watu 2, watu 4, watu 6, kila safu na bei ya kila mtu. Na useme kama wanachanganywa na wageni wengine au boti ni yao peke yao. Wapenzi wawili walio fungateni waliodhani boti ni yao, wakakuta familia ya watu saba imeshakaa ndani, wataandika maoni marefu.

Kuhusu sarafu: kanuni za Tanzania za mwaka 2025 kuhusu matumizi ya fedha za kigeni zimekataza kutangaza bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Andika shilingi. Mgeni atabadilisha kwenye simu yake kwa sekunde mbili. Kabla ya kuongeza dola pembeni, pata kauli ya mhasibu wako. Eleza pia njia za kulipa moja moja: kadi inakubaliwa au la, na kama kuna nyongeza ya kulipa kwa kadi, ni asilimia ngapi.

Hatua ya 4: Sema ukweli wa bahari

Hapa ndipo tovuti za pwani ya mashariki humpata mgeni kisha zikampoteza. Picha inaonesha maji yamejaa hadi kwenye ngazi. Mgeni anaamka asubuhi ya kwanza Paje au Jambiani, bahari imekwenda zake, pamebaki mchanga, vidimbwi na vijiti vya mwani. Hakuna aliyemdanganya, lakini ataandika kwamba kadanganywa.

Weka aya moja, juu, wala si kwenye maswali ya mwisho: “Bahari yetu hupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Maji yakijaa unaogelea mbele ya nyumba. Yakipwa unatembea hadi mbali kuelekea mwambani, na utawakuta kina mama kwenye mashamba yao ya mwani. Chukua viatu vya maji; chini kuna mawe na wanyama wenye miba.” Tatizo limegeuka kuwa jambo la kufanya. Weka picha mbili za mahali pamoja, ukisimama pale pale, moja maji yamejaa na moja yamekupwa. Walio Nungwi na Kendwa, ambako maji hayaendi mbali, waseme hivyo waziwazi. Ni nguvu yao kubwa, na wengi hata hawaitaji.

Kwa wenye boti hili si la mapambo. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache, na kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hukupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Wiki moja baadaye, siku za maji mafu, mambo ni mengine kabisa. Tovuti inayoandika “Fungu la Nakupenda, kila siku saa tatu asubuhi” inajifunga yenyewe, kwa sababu fungu hilo la mchanga maji yakijaa halipo. Andika: “Saa ya kuondoka hupangwa kwa maji. Tutakuthibitishia siku mbili kabla.” Ukitaka kwenda mbali zaidi, weka jedwali la maji la mwezi husika, lililochapwa kama maandishi na si picha ya karatasi iliyopigwa kwa simu, kisha mtaje mtu mmoja ofisini atakayelibadilisha kila tarehe 1. Jedwali la mwezi uliopita ni bora lisiwepo.

Misimu nayo itajwe kwa jinsi mgeni anavyoitumia. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ni mvua, na baadhi ya hoteli hufunga. Kama wewe hufungi, sema na uweke bei ya msimu huo. Anayekuja Paje kwa kaiti (kuteleza baharini kwa kuvutwa na tiara) anataka kujua upepo: kusi katikati ya mwaka, kaskazi kuanzia Disemba hadi Februari. Vipindi vya kati ni shwari, vinamfaa mzamiaji zaidi kuliko mtu wa kaiti.

Na pomboo wa Kizimkazi: usiwaahidi. “Tutawatafuta kwa saa mbili, hatuwakimbizi, na siku nyengine hawaonekani” inauza vizuri zaidi kuliko “utaogelea na pomboo”, kwa sababu mgeni anayejali hao wanyama keshasoma habari za boti kumi zikimzunguka pomboo mmoja.

Hatua ya 5: Ukurasa wa kufika

Kwa nyumba ya Mji Mkongwe ukurasa huu unaweza kuwa na faida kuliko ukurasa wa vyumba. Gari haifiki mlangoni, vichochoro vinapindana, na alama ya ramani ya Google mara nyingi imeanguka kichochoro cha pili. Kwanza sahihisha alama yenyewe. Kisha piga picha tano: pale gari inaposimama, kona ya kwanza, kona ya pili, kitu kisichohama karibu na nyumba (msikiti, duka, baraza ndefu), na mlango wako. Chini ya kila picha mstari mmoja: “Ukiwa na msikiti kushoto, endelea hatua 40.” Hakuna atakayepotea, na hakuna kijana atakayemwongoza mgeni wako hadi nyumba ya mtu mwengine.

Kwa walio shamba, taja njia zote pamoja na muda: teksi, gari ya pamoja, na daladala (ya Jambiani ni namba 309, ya Nungwi namba 116). Mgeni wa teksi hatopanda daladala, lakini akiona umeitaja anajua humfichi kitu.

Pemba inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu wageni ni wachache na mtandaoni kuna machache ya kusoma. Eleza kwamba ndege kutoka Unguja ni kama nusu saa hadi uwanja wa Chake Chake, na kwamba boti zipo ila siku zake hubadilika. Ratiba usiiandike, weka kiungo cha kampuni yenyewe. Taja kwamba benki ziko mijini, muda wa gari kutoka uwanjani hadi kwako, na kinachomleta mtu Pemba badala ya Unguja: kisiwa cha Misali, msitu wa Ngezi, utulivu.

Kwa Zanzibar nzima, tangu Oktoba 1, 2024 mgeni kutoka nje ya nchi anatakiwa kuwa na bima ya kuingia inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar. Ilianza kwa dola 44. Wengi huwasili na bima ya kwao wakidhani inatosha. Mistari miwili na kiungo cha tovuti rasmi vitamwokoa na foleni.

Hatua ya 6: Picha

Picha 12 hadi 15 za kweli zinatosha nyumba ndogo. Za lazima: kitanda ukiwa umesimama mlangoni, bafu lote, mandhari halisi kutoka dirisha la chumba hicho hicho, mahali pa kula chakula kikiwa mezani, nyumba kwa nje kutoka barabarani, na mtu anayempokea mgeni. Piga asubuhi au alasiri, simu ukiilaza. Bafu huachwa kwa aibu, lakini mgeni akikosa picha ya bafu anafikiria baya kuliko lilivyo.

Usinunue picha za mtandao. Ukiweka vibanda juu ya maji vya Maldives kwenye tovuti ya Kiwengwa, mgeni aliyewahi kufika huko atavijua. Watu uwaombe ruhusa kabla ya kuwapiga, kina mama wa mwani hasa. Watoto wa skuli waache.

Picha ya simu huwa na megabaiti tatu hadi sita. Ukipandisha kumi kama zilivyo, unamlazimisha mgeni kupakua megabaiti 40 ili aone kitanda. Punguza upana hadi pikseli 1600, hifadhi kwa muundo wa WebP, na usizidi kilobaiti 200 kwa kila moja. Programu ya Squoosh inafanya hivyo ndani ya kivinjari bila malipo. Zilizo chini ya ukurasa fundi aziwekee agizo la loading="lazy" zisipakuliwe hadi mtu azifikie. Ile ya juu kabisa usiiwekee, utaichelewesha bila sababu. Fundi aandike upana na kimo cha kila picha kwenye msimbo wa ukurasa. Asipofanya hivyo, maandishi yanaruka picha zinapofunguka, na mgeni aliyetaka kubofya bei anabofya kitu chengine.

Hatua ya 7: Wepesi

Ingiza anwani ya tovuti yako kwenye PageSpeed Insights, chombo cha Google cha kupima wepesi wa tovuti, chagua matokeo ya simu. Tazama vipimo vitatu tu: LCP isizidi sekunde 2.5, CLS isizidi 0.1, INP isizidi milisekunde 200. Cha kwanza ni muda wa kitu kikubwa kuonekana, cha pili ni kurukaruka kwa ukurasa, cha tatu ni ucheleweshaji baada ya kubofya. Alama ya jumla ya 100 usiitolee jasho.

LCP ikiwa mbaya, sababu karibu kila mara ni picha ya juu, au video inayocheza nyuma ya maandishi. INP ikiwa mbaya, ni viongezo vingi: roboti wa mazungumzo, ramani iliyofunguka moja kwa moja, vibonyezo vya mitandao sita ya kijamii. Ondoa kimoja, pima, ondoa kingine. Kisha fanya jaribio ambalo kompyuta haiwezi kulifanya: chukua simu ya bei ndogo, zima Wi-Fi, washa bando, simama Bwejuu au Konde, fungua tovuti.

Hatua ya 8: Ushahidi

Maoni matatu yenye jina la kwanza, nchi na mwezi yana nguvu kuliko thelathini yasiyo na mwenyewe. Chagua yanayojibu wasiwasi: “Tulifika saa sita usiku, dereva alikuwa anatusubiri” inafaa kuliko “pazuri sana”. Omba maoni ya Google siku moja au mbili baada ya mgeni kuondoka, kwa ujumbe mfupi wenye kiungo. Usitoe punguzo ili uandikwe vizuri. Google inakataza na inaweza kuyafuta. Maoni mabaya yajibu kwa sentensi tatu: pole, kilichotokea, kilichobadilishwa. Msomaji wako ni mgeni wa baadaye. Yule aliyekasirika keshaondoka.

Weka namba ya leseni yako ya Kamisheni ya Utalii Zanzibar chini ya kila ukurasa, pamoja na jina la biashara kama lilivyosajiliwa. Mtu anayeombwa kutuma amana kwa watu asiowajua anatafuta kitu hicho, hata asipokiuliza.

Mbinu za “chumba kimoja tu kimebaki” na saa inayohesabu kurudi nyuma ziache, isipokuwa ni kweli. Mgeni hufungua tena kesho yake, akaikuta saa imeanza upya.

Hatua ya 9: Kitufe na fomu

Kiungo cha WhatsApp huandikwa https://wa.me/255 kisha tarakimu tisa za namba yako: bila sifuri ya mwanzo, bila alama ya kujumlisha, bila nafasi. Kosa la kuibakiza sifuri ndilo la kawaida kuliko yote, na mwenye tovuti halioni kwa sababu hakibonyezi kiungo mwenyewe. Ongeza ?text= na ujumbe ulio tayari, kila nafasi ikiandikwa %20. Ujumbe utofautiane kwa kila ukurasa, “nauliza chumba cha bustani”, “nauliza safari ya Nakupenda”. Hapo utajua kila anayeandika katokea wapi bila kulipia programu yoyote.

Kuna wasiotumia WhatsApp, kwa hiyo fomu iwepo: jina, tarehe, idadi ya watu, barua pepe. Nne zinatosha. Herufi ndani ya visanduku zisiwe chini ya pikseli 16, la sivyo iPhone hukuza ukurasa mgeni akigusa kisanduku, naye anapotea. Jitumie fomu mwenyewe kila Jumatatu. Fomu nyingi huendelea kusema “asante, tumepokea” huku barua zikiangukia kwenye taka kwa miezi.

Saa: kurasa za wageni ziandike kwa saa 24. Mfanyakazi anayefikiri “saa tatu” akiandika 3:00 kwa Kiingereza, mgeni wa boti ya asubuhi atakuja alasiri, au atakuwa nje gizani saa tisa ya usiku.

Kwa wauza bidhaa

Sabuni ya mwani, mafuta ya nazi, ukili, halua: kila bidhaa iwe na uzito kwa gramu, vilivyomo vyote, muda inaokaa bila kuharibika, na picha ikiwa mkononi ili ukubwa uonekane. Gharama ya kutuma iandikwe pale pale kwenye bei: mjini Unguja, Dar es Salaam kwa boti, na nje ya nchi kwa kilo. Mnunuzi anayekutana na gharama ya usafirishaji hatua ya mwisho hufunga ukurasa. Kama wateja wako ni wa Dar na Tanga, Kiswahili kiwe lugha ya kwanza ya tovuti, na malipo ya simu yawe juu ya kadi.

Kwa wenye wageni wa nje, Kiingereza kwanza, kisha lugha moja ya pili iliyoandikwa na mtu anayeijua: Kiitaliano, Kijerumani, Kifaransa au Kipolandi, kwa kuangalia daftari lako la wageni. Kitufe cha kutafsiri kwa mashine hakisaidii. Kivinjari cha mgeni kinafanya hivyo tayari.

Kupima bila kujidanganya

Mpe simu mtu asiyeijua biashara yako. Mwachie skrini ya kwanza sekunde tano, ichukue, muulize: wanauza nini, wapi, bei gani? Kisha mrudishie atafute amana ni asilimia ngapi na safari ya boti inaondoka saa ngapi. Usimsaidie, usijitetee, andika tu anakwama wapi. Watu watano wa namna hiyo watakuonesha karibu kila tatizo kubwa.

Kila wiki hesabu watu walioandika kutoka kwenye tovuti na waliolipa amana. Badilisha kitu kimoja, ungoje wiki nne. Tovuti yenye wageni 300 kwa mwezi haiwezi kukupa jibu la uhakika kwa tofauti ndogo: watano walioandika mwezi huu dhidi ya watatu mwezi uliopita inaweza kuwa bahati, au Ramadhani, au ndege za msimu. Usilinganishe Mei na Agosti. Linganisha Agosti na Agosti.

Mwisho weka tarehe nne kwenye kalenda ya simu: mwanzoni mwa Machi, Juni, Septemba na Disemba. Kila mara badilisha bei za msimu unaokuja, futa tarehe zilizopita, bonyeza kila kitufe kwa kidole chako, na tazama jina la tovuti limelipiwa hadi lini.